Dumu la Maji Safarini Ziwa Baringo



Wapenzi wasomaji, sisi watu wa pwani tuna ugonjwa mmoja: tukisikia maji yametajwa, twadhani twayajua. Tumelala na kuamka kwa sauti ya wimbi, tumezijua kusi na kaskazi kabla ya kujua kusoma, basi ziwa la bara twalihesabu kuwa kidimbwi. Ugonjwa huo tuliubeba likizo iliyopita hadi Nakuru, tulikokwenda kuunga udugu kwa jamaa zetu. Aliyetutibu ni mama wa watoto wetu, kwa dumu la lita 20.

Watoto walitamani kupanda boti katika Ziwa Baringo, waone visiwa vyake vya majabali. Usiku wa kuamkia safari, baada ya sala ya Isha, tulikaa wanaume barazani tukapanga. Tulizungumza gari, nauli ya boti na nyama ya kuchoma, tukaona mambo yamekwisha. Ndipo mama wa watoto wetu akauliza kutoka ndani maswali matatu. Boti itaondoka saa ngapi? Je, kuna majaketi ya kuokolea maisha yanayowatosha watoto? Na maji ya udhu tutayapata wapi?

Mpwa wetu, kijana mwogeleaji hodari, akaangua kicheko: "Mama, twaenda ziwani, na wewe wauliza maji!" Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulicheka pamoja naye. Yeye hakujibu. Asubuhi tulilikuta dumu limejazwa, limewekwa mlangoni.

Tuliondoka mara baada ya Alfajiri. Kutoka Nakuru mpaka Kampi ya Samaki, penye gati za boti, ni mwendo wa kilomita zipatazo 120 kuelekea kaskazini. Barabara yapita Mogotio, ambako msafiri huvuka mstari wa Ikweta, kisha Marigat. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko karibu mita 1,000 tu. Basi kadiri tulivyoteremka ndivyo sweta zilivyovuliwa moja moja, hata tukafika katika joto kama la kwetu.

Boti ya kwanza tuliyoonyeshwa haikuwa na jaketi la mtoto hata moja. Mwenyewe akatwambia watoto wakae katikati, hakuna neno. Mama wa watoto wetu akaketi juu ya jiwe, akasema, "Basi nasi tutakaa hapa, katikati ya nchi kavu." Tuliona haya, maana tulikwisha kupatana bei. Baada ya nusu saa ikapatikana boti nyingine, na kila mtoto akafungwa jaketi lake.

Nahodha wetu alikuwa kijana wa Ilchamus, wenyeji wa ziwa hilo, ambao tangu zamani huvua kwa mitumbwi midogo iliyofungwa kwa vigogo vyepesi. Aliendesha polepole, akipita baina ya miti mikavu iliyosimama majini. Kumbe palikuwa nchi kavu. Katika miaka ya karibuni, na hasa mwaka 2020, ziwa lilipanda likafunika mashamba, nyumba, shule na hoteli. Alituonyesha kwa kidole mahali ilipokuwa nyumba ya wazazi wake, akaendelea kushika usukani. Kwetu maji hujaa yakapwa siku hiyo hiyo. Ya kwao yalijaa, wao wakahama. Watoto wakanyamaza, nasi tukawaombea wenyeji wale dua.

Mbele tuliviona visiwa: majabali meusi ya volkano yaliyotoka majini kama migongo ya nyangumi. Kikubwa chao ni Ol Kokwe, wakaako watu na mbuzi wao, na penye chemchemi za maji ya moto. Furukombe alishuka kutoka mtini akanyakua samaki aliyerushwa na nahodha, na watoto wakapaza sauti: "Subhanallah!" Maji ya Baringo ni matamu ingawa ziwa halina mto utokao, yasemekana hupenya chini kwa chini katika miamba.

Tulipotia nanga kisiwani, mpwa wetu akaruka, akapandisha suruali, akachutama ukingoni atie udhu apate kusali Dhuha, kama tufanyavyo baharini tangu utotoni. Nahodha akapiga kelele: "Kijana, rudi! Rudi juu!" Akarudi mbio. Hatukuona kitu wakati ule. Hatua chache kutoka pale alipochutama, nahodha akatuonyesha alama za tumbo la mamba matopeni, bado mbichi. Maji yale ni ya rangi ya udongo; aliye ndani akuona, nawe humwoni.

Mama wa watoto wetu hakusema neno. Alifungua dumu, akammiminia kijana maji mikononi, naye akatia udhu akitetemeka, machozi yakimlenga. Kibla huko, kama kwetu Mombasa, ni kaskazini, ila chaegemea mashariki kidogo.

Kabla ya saa sita nahodha alitaka turudi, kwani alasiri upepo huamka na ziwa huchafuka. Tulitii. Adhuhuri na Alasiri tulizisali bara, kwa kupunguza na kukusanya kama ilivyo ruhusa ya msafiri.

Tuliporejea Nakuru tulikumbuka siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipoingia hemani akiwa na dhiki, akamweleza Ummu Salama, naye akampa shauri ambalo Mtume alilifuata, dhiki ikaondoka. Basi sisi ni nani hata tupange safari ya watoto barazani, na mama yao yuko ndani?

Msomaji ukikusudia kwenda, nenda asubuhi, kagua majaketi kabla ya kupatana bei, msikilize mwenyeji, na chukua maji yako ya udhu. Jioni ile mpwa wetu aliliosha dumu mwenyewe, akamrudishia mama yake mkononi akamwomba radhi. Nasi tuliomba radhi baada yake.

Wabillahi tawfiq.