Nahesabu Kwanza

Hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, friza la samaki la shangazi lilizimika. Kidhibiti cha sola kiligoma. Ndani yake mna soketi ya pini kumi. Nilitaka kuiunga na kifaa cha kuchunguza chipu, lakini umeme ukiingia pini isiyo yake, chipu huungua.

Nikatoa betri. Penye solda ya mraba ndipo pini ya 1, ya kupimia volti. Mita ililia kati ya waya hasi na pini ya 3 na ya 5: hizo ni za ardhi. Basi, kwa mpangilio wa ARM, ya 2 ni ya data, ya 4 ya mapigo ya saa.

“Mwanangu, mbona huungi?”

“Nahesabu kwanza, shangazi.”

Yeye huhesabu samaki mara mbili kabla ya kupokea pesa. Hakuniuliza tena.