Jirani wa Usiku Mmoja katika Ziwa la Nyasa

Wapo Waislamu ambao nyumba zao ni mashua. Huko Srinagar, katika Kashmir, watu huzaliwa na kuzeeka ndani ya vyombo vilivyofungwa katika Ziwa la Dal. Sisi wa nyanda za Mbeya na Iringa tumezoea migomba na milima; lakini usiku mmoja, mwishoni mwa Julai 1996, tuliyaonja maisha hayo.

Tulikuwa mwalimu kijana, tukisafiri na wanafunzi wetu wawili kwenda kusoma Maulidi upande wa Ludewa, ambao wakati ule ulikuwa bado katika Mkoa wa Iringa. Tuliteremka kwa basi kutoka Mbeya, tukapita Tukuyu hata Kyela, na katika bandari ya Itungi tukapanda meli.

Meli ilipong'oa nanga, staha iligeuka kijiji. Kila jamaa walitandika mkeka wao, na mkeka ndio uliokuwa ua wa nyumba; hapana aliyeuvuka bila ya kupiga hodi. Akina mama walipanga vyungu vya Wakisi, na watoto wakalala juu ya magunia ya mchele wa Kyela. Jirani tusiyemjua alitugawia ugali na usipa, wale samaki wadogo wa ziwa hili. Magharibi ilipoingia tuliswali tukielekea tezi, kwa kuwa meli ilikwenda kusini na Kibla kwetu ni kaskazini. Mawimbi yalipozidi tuliswali Isha kwa kukaa, kama sheria inavyomruhusu asiyeweza kusimama.

Asubuhi tulifika Lupingu. Meli ilisimama majini, mitumbwi ikaja kuchukua watu. Mzee mwenye mtumbwi alihesabu abiria saba, akasema, "Basi." Sisi tulikwisha tia mguu.

"Mzee wetu, tunawahi Maulidi," tulimwambia.

"Maulidi yatakungojeni, Mwalimu. Ziwa halimngoji mtu."

Tulishindana naye mbele ya wanafunzi wetu, tukautaja hata ualimu wetu. Yeye aliweka kafi mapajani, akanyamaza. Ndipo mwanafunzi wetu mdogo aliponong'ona, "Maalim, Bukoba." Ilikuwa imepita miezi miwili tu tangu tarehe 21 Mei, MV Bukoba, iliyopakia kupita kiasi, ilipozama katika Ziwa la Viktoria na kufa mamia ya watu. Tukarudi juu kwa haya.

Mtumbwi uliporudi kutuchukua ulikuwa na maji hata vifundoni. Watu wale saba walikuwa wakiyachota na kuyamwaga njia nzima. Je, tungalikuwa kumi?

Kila Ijumaa tulikuwa tukisoma Suratul-Kahf, na ndani yake mna kisa cha merikebu ya maskini iliyotobolewa: lililoonekana hasara lilikuwa salama yao. Tulikihifadhi kisa hicho tangu utotoni, lakini aliyetufahamisha maana yake ni mpiga kafi wa Lupingu.

Basi, enyi vijana, mpandapo chombo, akiwaambieni mwenye chombo kwamba kimejaa, shukeni. Wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Maulidi tuliyawahi siku ile. Na lau tungaliyakosa, tungalipata uhai wa kuyasoma mwaka wa pili.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wa majini na nchi kavu. Amin.