Niliwasingizia wenye makarasha

Sato wangu walipoanza kufa, nilisema ni zebaki. Sikupima maji wala kumpasua hata samaki mmoja. Kizimba changu kilikuwa upande wa Geita wa Ziwa Victoria, na kwetu zebaki ni jibu linalokaa mdomoni likisubiri swali: makarasha yanasaga mawe usiku na mchana, watu wanachenjua dhahabu kwenye mabeseni, mvua ikinyesha tope linashuka mitoni. Nani angenibishia? Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikawataja wachimbaji, nikapigiwa makofi.

Hofu ile ina ukweli wake, ndiyo maana uongo wangu ulipita. Zebaki hujikusanya mwilini mwa samaki, hasa wakubwa wanaokula wenzao kama sangara, na anayeumia mapema kabisa ni mchimbaji mwenyewe anayeichoma bila kinga na kuvuta moshi wake. Ila hudhuru kwa kukawia. Haimpi sato ukungu machoni kama wa mtoto wa jicho, ngozi ikababuka na mwili ukawa mweusi. Wala haichagui vifaranga walioletwa juzijuzi ikaviruka vizimba vya jirani.

Hayo yote niliyaona. Niliona pia kwamba hawakufa kwa kukosa hewa. Maji ya chini yenye oksijeni kidogo yakipanda juu, samaki hufa kwa mkupuo. Alfajiri unawakuta wanatweta juu ya maji, midomo wazi, matamvua yamefunuka. Ndivyo wafugaji wa Kisumu walivyopoteza vizimba vizima mwishoni mwa 2022. Wangu walipungua taratibu, kila asubuhi wachache zaidi ya jana, na chakula wamekigomea. Mfugaji yeyote angejua kwamba wanaumwa.

Ningeuliza, ningeambiwa kuna kirusi cha sato ambacho wataalamu hukifupisha TiLV. Kilielezwa mara ya kwanza na watafiti wa Israel mwaka 2014, baada ya samaki wa Ziwa la Galilaya na wa mabwawani huko kufa kwa wingi. Kimeonekana toka Ecuador mpaka Thailand, na kuna mabwawa kilikoondoka na samaki tisa katika kila kumi, mara nyingi wiki chache baada ya vifaranga kuhamishwa. Mlaji hakimdhuru. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba wamekipata kwa sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania, wa kufugwa na wa ziwani, na samaki hao hawakuwa na dalili yoyote. Mimi hapo ndipo ninapotishika: anayeogelea vizuri naye anaweza kuwa amekibeba.

Siapi kwamba ndicho kilichonifilisi. Wapo bakteria wanaoharibu macho vilevile. Jibu lingetoka maabara, kwa vipande vya ini, wengu na ubongo vilivyohifadhiwa kwenye spiriti, na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wapo Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa, kwa hiyo safari ilikuwa ya foleni ya pantoni. Nilijitetea kwa foleni hiyo muda mrefu, ingawa pantoni ilivusha watu kila siku. Nililiogopa jibu. Vifaranga nilivinunua kwa bei ya kutupa, kwa mtu asiye na karatasi hata moja, na fedha yenyewe ilikuwa ya mkopo. Mizoga nikaifukia. Mingine, Mungu anisamehe, niliitupa ziwani.

Na bado sijafika penyewe. Waliobaki hai nilimuuzia shemeji yangu, mume wa dada, anayekaa Shinyanga vijijini. Ana lambo la kunyweshea ng'ombe na alikuwa akitamani kupandikiza samaki. Nilimwambia nawaokoa na zebaki. Baada ya muda akanipigia.

"Shemeji, hawa mbona wanapofuka?"

Lambo lile linajazwa na mvua, na hakuna karasha hata la kusingizia. Ningeweza kusema kweli pale pale, kwa gharama ya aibu na fedha yake tu.

"Shemeji," nikamjibu, "hebu angalia maji yako. Huenda yana sumu."

Mtu mwenye ng'ombe haambiwi neno hilo akalala. Wakaacha kulitumia lambo. Kiangazi kilipokaza, dada na wanawe walikuwa wakiamka gizani kuswaga ng'ombe mpaka lambo la watu wengine, na kulipia, huku maji yao yamekaa nyuma ya nyumba. Ndama walikonda. Nilizisikia habari hizo kwenye simu nikawa nasema pole.

Siku nilipomweleza shemeji ukweli, fedha alizikataa. Alitaka niende nimwambie mkewe kwa mdomo wangu, mbele ya watoto waliokuwa wakiswaga. Nikaenda. Dada alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Na wale wenye makarasha, umewaambia?"

Nilikuwa sijawaambia. Baada ya mkutano ule, vijana waliokuwa wakiosha mchanga kwenye mto wetu walifukuzwa na mabeseni yao yakatobolewa. Nilikuwepo, na kuna aliyenishukuru. Kwa hiyo nawaambia ninyi mliofukuzwa, na mkutano ukiitishwa nitasimama niyarudie: samaki wangu waliugua. Ugonjwa niliununua mwenyewe pamoja na vifaranga, nikaupeleka mpaka Shinyanga. Ninyi hamkuwaua.