Roboti iko katika ngeli gani?

Katika kozi ya mofolojia tunafundishwa kwamba Kiswahili kinajali uhai: kiboko kina umbo la ki-, lakini tunasema kiboko amelala, si kiboko kimelala. Kanuni hiyo inatosha hadi mtu akutane na roboti. Mimi nimekutana nayo kwa sikio tu, katika sauti ambazo yaya yangu ananitumia kwa WhatsApp kutoka Ohio, Marekani, anakofanya kazi ya usiku katika bohari.

Zamani mfanyakazi wa bohari alitembea akitafuta bidhaa. Sasa yeye anasimama, rafu ndizo zinazotembea. Mashine bapa, fupi kuliko goti, inaingia chini ya rafu, inaiinua na kumletea, ikisoma alama zilizobandikwa sakafuni. Mashine za namna hiyo zilitengenezwa na kampuni ya Kiva. Amazon iliinunua mwaka 2012, na kampuni nyingine zikatengeneza za kwao. Yaya, ambaye yuko kwa hao wengine, anachukua kitu anachoonyeshwa na skrini, anakitia katika kisanduku, rafu inaondoka, na nyingine iko tayari nyuma yake. Saa kumi kwa zamu.

Sasa upatanisho. Kazi ikienda vizuri anasema: "Inakuya, inabeba, inaenda." Mashine ikikwama: "Uyu anagoma. Anatuangaria tu." Nimesikiliza sauti za miezi minne, na mara nyingi ni hivyo: roboti inayofanya kazi ni kitu, inayokataa kazi ni mtu. Labda si ajabu. Hapa Lubumbashi hata gari likikataa kuwaka tunalitukana kama mtu. Ila neno lenyewe lina historia. Karel Čapek, kwa shauri la ndugu yake Josef, alilitoa katika robota ya Kicheki, yaani kazi ya kulazimishwa, kwa ajili ya tamthilia yake ya mwaka 1920, na humo roboti wanaasi. Katanga hatuhitaji kamusi ya Kicheki kuelewa kazi ya namna hiyo.

Lakini kilichonisumbua si roboti. Siku moja yaya alisema: "Posti nane inachelewa, banaipigia kelele." Mama, aliyekuwa akisikiliza pamoja nami, akauliza kama posti nane ni mashine mpya. Posti nane ni yaya. Skrini inapima mwendo wa kila posti, msimamizi anaita namba kwa Kiingereza, na yaya ametafsiri namba pamoja na upatanisho wake. Juma lililofuata alikuwa na furaha: "Leo posti nane ilifanya muzuri."

Zamu nzima haongei na mtu, kwa maana jirani yuko mbali na kelele ni nyingi. Kiswahili chake cha siku ni zile dakika tano anazonirekodia ndani ya basi, akirudi nyumbani. Kwa hiyo sina sentensi nyingine za kulinganisha, wala yeye hana mtu mwingine wa kumsahihisha, kama hilo ni kosa la kusahihishwa.

Ameniruhusu kutumia maneno yake katika kazi yangu ya kumaliza masomo, bila jina. Sentensi za roboti nimeshaziingiza katika jedwali. Ile ya posti nane bado, kwa sababu ingepaswa kuingia katika safu ya vitu.