Fidla, Udi na Endingidi

Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda huulizwa swali moja darasani mara kwa mara: endingidi, ala ya uzi mmoja ipendwayo sana na watu wa Buganda, iitweje kwa Kiswahili? Jibu tunalolisikia mara nyingi ni "fidla ya kienyeji". Twaona yafaa jibu hilo lipimwe kabla ya kuandikwa ubaoni, kwa maana jina ni mlango wa maarifa, na anayeonyeshwa mlango usio wake huingia nyumba siyo.

Tuanze na fidla yenyewe. Umbo lake tunalolijua lilipatikana Italia ya kaskazini katika karne ya 16, na mji wa Cremona ukajipatia sifa kwa mafundi kama Andrea Amati, na baadaye Antonio Stradivari, aliyefariki mwaka 1737. Ina nyuzi 4, mwili wa mbao, na upinde wenye singa za mkia wa farasi. Upinde huo ndio unaoitenga na udi na kanuni. Uzi wa udi ukishadonolewa, sauti yake huanza kufifia papo hapo. Uzi wa fidla hulia muda wote upinde unapopita juu yake, mithili ya sauti ya mwimbaji.

Jambo la pili tulione kwa kuilinganisha na gitaa. Shingo ya gitaa ina vijiti vya chuma vinavyokata kila sauti mahali pake. Shingo ya fidla, kama ile ya udi, haina kitu. Sikio la mpigaji ndilo linaloamua kidole kitue wapi. Uhuru huu ulifaa sana Misri katika karne ya 19, kwani muziki wa Kiarabu una sauti zinazoangukia katikati ya zile za gitaa na kinanda. Huko fidla ilichukua nafasi ya kamanja, ala ya upinde ya tangu zamani, ikarithi hata jina lake. Taarabu ya Zanzibar nayo ilichota mengi kutoka Misri, na ndiyo sababu katika vikundi vyake fidla huketi pamoja na udi na kanuni.

Je, endingidi? Kisanduku chake ni mcheduara kilichowambwa ngozi, aghalabu ya kenge au ya ng'ombe, na ufito uliopenya ndani yake ndio shingo. Uzi umesimama mbali na ufito huo, hata kidole huuzuia hewani bila kuugandamiza juu ya ubao. Kwa hiyo endingidi imeshirikiana na fidla katika mambo mawili makubwa, yaani upinde na shingo isiyo na mipaka, lakini ngozi huipa sauti yenye mkwaruzo ambayo mbao haiwezi kuitoa. Mpigaji hodari huifanya ifuate maneno ya wimbo kwa karibu, na kwa kazi hiyo uzi mmoja watosha. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa hii ni "fidla ya kienyeji" ataanza kutafuta nyuzi 3 zilizopungua, ilhali hakuna kilichopungua.

Wako watakaosema tutumie neno zeze. Neno hili lina sura mbili: kuna zeze la kibuyu linalodonolewa kwa vidole, na kuna zeze la Wagogo linalopigwa kwa upinde. La pili ni jamaa wa karibu wa endingidi, lakini lina nyuzi zaidi ya mmoja. Kadhalika, inanga ya Burundi na Rwanda, yenye nyuzi zilizotandazwa juu ya mbao iliyochongwa kama sinia refu, haifai kuitwa kinubi kwa sababu tu hupigwa kwa vidole.

Rai yetu ni kwamba kila ala ibaki na jina lake, kisha ielezwe kwa Kiswahili sanifu: endingidi ni ala ya uzi mmoja ipigwayo kwa upinde. Wamisri walimpa mgeni jina la mwenyeji. Haielekei sisi tumvue mwenyeji jina lake tumvike la mgeni. Kiswahili kilichopokea udi na kanuni kutoka Uarabuni hakitashindwa kupokea endingidi na inanga kutoka kwa majirani.