Karate ya uwanjani na hatari ya njiani



Majuma haya swali ni moja, sokoni, kisimani, hata mlangoni pa kalasi: tuwalipie mabinti wetu mafunzo ya karate, ao tutunze hizo faranga kwa daftari na sabuni? Kijana aliyejifunzia mjini anafundisha watoto kila Jumamosi, na wasichana wanaomba kwenda. Mama mmoja alituambia: "Walimu, mimi sitaki medali. Nataka mtoto wangu aende shamba arudi." Ombi hilo ndilo linalotufanya tuandike.

Sisi walimu wa kike tunakaa na wasichana hawa karibu kila siku, na wengi wetu ni wamama pia. Tunaona hivi: karate ni kitu kizuri, lakini karate ni kimoja na kujilinda ni kingine. Mtoto akidhani ni kitu kimoja, anaweza kuumia kwa sababu ya kujiamini kusiko na msingi.

Tuanze na uzuri wake. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo huko Japani mwaka 1882, alikuwa mwalimu. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule. Wote wawili walitaka kulea watu, si kutengeneza wapiganaji wa njiani. Hapa kwetu Kongo tunao mfano wa Popole Misenga na Yolande Mabika, watoto wa Bukavu waliotenganishwa na jamaa zao kwa sababu ya vita. Walijifunza judo Kinshasa, wakaomba ukimbizi Brazili, na mwaka 2016 wakashindana Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye michezo ya Olimpiki. Popole alishinda pambano lake la kwanza. Mchezo uliwapa nidhamu, marafiki na heshima. Mtoto anayecheza anasimama wima, anapumua vizuri, anazoea kuanguka na kuamka. Hayo tunayaona hata kalasini.

Lakini tazameni mchezo wenyewe. Wawili wanainamiana kwanza. Wana uzito unaokaribiana. Wamevaa nguo moja, wako peku mahali palipo sawa, na mwamuzi akisema basi, wanaacha. Katika mazoezi, mwenzako anakupa mkono pale pale unapoungojea. Zile hatua zinazofuatana, ambazo wenyewe wanaziita kata, unazijua kwa kichwa kama vile watoto wanavyojua jedwali la kuzidisha.

Njiani hakuna anayekuinamia. Anayekuja ni mkubwa kuliko wewe, pengine wako wawili. Wewe una beseni kichwani, mtoto mgongoni, kikwembe kimebana miguu, na njia ina matope. Hakusemi kwamba tunaanza. Moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, na mambo madogo madogo ya ufundi yanakimbia kichwani. Hakuna mwamuzi wa kusema basi.

Mwaka uliopita msichana wa kalasi ya sita, aliyekwisha kufanya karate miezi kadhaa, alishikwa mkono na mwanaume akitoka shamba jioni. Alitusimulia baadaye, mama yake akiwa pembeni. Alisema ngumi zote zilipotea, hakukumbuka hata moja. Aliachilia beseni ya muhogo, ikamwangukia yule mtu miguuni, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, akakimbia kuelekea mahali aliposikia wamama wanatwanga. Tukamwuliza kelele ile aliitoa wapi. Akajibu: "Mwalimu wa karate anatulazimisha kupiga kelele kila tukipiga ngumi. Mbele nilikuwa naona haya." Basi karate ilimsaidia kweli, ila si kwa ngumi. Ilimsaidia kwa sauti.

Tukamwuliza pia ni nani yule mtu. Alikuwa jirani. Alikuwa anamwamkia kila asubuhi.

Hapo ndipo pagumu, wamama. Tunapowaza hatari, tunawaza mtu mgeni mwenye silaha anayetoka porini. Watu hao wapo, na wenzetu wa njia ya Salamabila wanajua zaidi yetu. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amepigwa ao kulazimishwa ngono katika maisha yake, na mara nyingi aliyefanya hivyo ni mume ao mpenzi wake. Hatari mara nyingi ina jina na tunaijua. Ni mjomba anayelala sebuleni, ni mteja wa mama dukani, ni mchumba asiyekubali hapana. Na tuseme bila kuficha, ni mwalimu pia. Nchi nzima inajua utani wa pointi zinazopatikana kwa mwili, na utani huo haungekuwepo kama jambo lenyewe halikuwepo. Mtu wa namna hiyo hakurukii kama kwenye sinema. Anaanza na zawadi, na neno tamu, na "njoo peke yako uchukue daftari lako." Mkanda mweusi hauna hatua ya kujibu hayo.

Kuna mahali walikowaza jambo hili kwa makini. Nairobi, katika mitaa ya watu wasio na uwezo, wasichana wa shule za sekondari walifundishwa kujilinda kwa masaa 12 tu, mawili mawili kwa juma. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Mbele ya mafunzo, karibu wasichana 25 kwa 100 walikuwa wametendwa vibaya kingono katika mwaka mmoja. Baada ya miezi kumi walishuka kuwa karibu 9 kwa 100. Wale ambao hawakupata mafunzo hayo walibaki karibu palepale. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema wametumia mafunzo hayo kujiokoa. Huko Korogocho hata mabibi wazee walianza kukutana na kujifunza, wakipiga mfuko na kupaza sauti pamoja. Kanada nako, katika vyuo vikuu vitatu, wanawake walipewa masaa 12, na matokeo ya mwaka 2015 yakaonyesha kwamba katika mwaka mmoja waliobakwa walikuwa karibu 5 kwa 100 kati ya waliofundishwa, na karibu 10 kwa 100 kati ya wasiofundishwa.

Masaa 12, wamama. Mkanda mweusi unadai miaka. Basi walifundisha nini?

Kwanza, kuona mapema: kutambua mtu anayejaribu mipaka yako kidogo kidogo, na kukubali kwamba lile jambo linalokukosesha raha tumboni lina maana. Pili, sauti: kusema hapana ukimtazama mtu machoni, bila kucheka, bila kuomba radhi, na kupaza sauti mbele za watu hata kama ni mkubwa. Tatu, kukimbia kuelekea watu. Nne, kama hakuna njia nyingine, kupiga pale ambapo hata mwanaume mwenye nguvu anaumia: macho, pua, koo, sehemu za siri, kwa kiwiko, goti ao kitu chochote kilicho mkononi, kisha kukimbia. Humpigi ili umshinde. Unampiga ili upate nafasi ya kutoka. Tano, kusema kwa mtu mzima unayemwamini, na kama huyo hakusikii, kusema kwa mwingine.

Hayo ni mepesi kwa mwili, lakini ni mazito kwa malezi yetu. Sisi wamama tunafundisha binti kuinamisha macho, kupokea kwa mikono miwili, kutojibu wakubwa. Ni adabu nzuri na hatutaki ipotee. Lakini tukimfundisha hiyo peke yake, tumemfunga mdomo siku atakapouhitaji. Awe na adabu, na ajue pia kwamba mkubwa aliyevunja heshima hadai tena heshima.

Na mwenye bunduki? Hapo hakuna karate. Akitaka simu, mpe. Akitaka pesa ao mzigo, mpe. Tunalima tena, tunauza tena. Mwalimu anayemwonyesha mtoto namna ya kunyang'anya panga ao bunduki kwa mikono mitupu, muulizeni amefanya hivyo wapi.

Neno lingine lazima lisemwe. Kuna msichana atakayefundishwa yote haya, na siku ile mwili wake utaganda. Hatapiga kelele, hatakimbia. Mwili wa binadamu hufanya hivyo wakati wa woga mkubwa, hata kwa askari. Asiulizwe kamwe "kwa nini hukupiga kelele?" Mafunzo ni msaada kwake, si mzigo mpya wa kubeba. Kosa ni la aliyetenda.

Siku hiyo kazi inakuwa yetu. Apelekwe kituo cha afya upesi, mbele masaa 72 hayajapita, kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi inafanya kazi ikianzwa ndani ya muda huo, na mapema ndiyo bora. Dawa ya kuzuia mimba ina siku tano. Nguo alizovaa zisifuliwe. Na sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inahesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hata akisemwa kwamba alikubali. Mbuzi mbili zilizoletwa usiku kwa baba hazimfuti mtoto jeraha, wala si hukumu.

Basi jibu letu kwa lile swali ni hili. Mwenye faranga na binti anayependa karate, amlipie, kwa furaha na afya yake. Ila mama mmoja wa chama akae pale muda wote wa mazoezi, kwa maana mwalimu wa mchezo naye ni mtu anayeshika watoto mikono. Asiye na faranga asihuzunike, kwa sababu yaliyo muhimu zaidi hayauzwi.

Tunapendekeza mambo manne kwa vikundi. Wasichana waende kisimani na kuni wawili ao watatu, na saa ya kurudi ijulikane. Kila mtaa uwe na nyumba mbili ambazo mtoto akizikimbilia mlango unafunguliwa bila maswali. Mkutano wa Jumamosi uwe na nusu saa ya mazoezi ya sauti na ya hapana, mama na binti pamoja, maana wengi wetu hatujawahi kusikia sauti yetu wenyewe ikipanda. Na wavulana wetu wafundishwe nao, kwa sababu Nairobi hawakuwaacha nyuma: ndugu anayejua kwamba hapana ni hapana ni ulinzi nyumbani kwake na kwa wengine.

Sisi walimu tutatoa kalasi moja ya shule kwa mazoezi hayo, na tutakuwepo. Vikundi vituletee siku inayofaa mbele ya mkutano ujao, ili tuanze wakati njia bado ni kavu.