Kivuli cha Mivinje ya Bamburi

Msafiri anayetoka kisiwani Mombasa kwa daraja la Nyali hupokewa na vishindo vya bara ya kaskazini: soko la Kongowea na wachukuzi wake, matatu na tuktuk zinazowania njia, kisha maduka na nyumba za ghorofa zilizojipanga kando ya barabara iendayo Malindi. Kila mwaka nyumba huongezeka. Mashamba ya minazi na miembe yamekatwa viwanja, na viwanja vimezungushiwa kuta. Mbele zaidi, kabla ya kufika Mtwapa, kipo kiwanda cha saruji cha Bamburi. Na jirani yake, pahali ambapo mgeni hatarajii, upo msitu.

Msitu huo wajulikana kwa jina la Haller Park. Hapo zamani palikuwa na machimbo ya mawe. Kiwanda kilianza kazi katika mwaka 1954, na mawe ya matumbawe ya kale yakachimbwa ili yasagwe na kuchomwa yawe saruji. Mawe yalipokwisha kuondolewa, lilibaki shimo pana, jeupe, lisilo na udongo wala kivuli, na maji yaliyo chini yake yalikuwa na chumvi.

Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti ndani ya shimo. Alijaribu aina 26, zikastahimili 3 tu. Uliofaa zaidi ulikuwa mvinje, mti ambao sisi watu wa pwani twaufahamu sana kwa nguzo na fito zake. Mvinje huvumilia chumvi, na katika mizizi yake huishi vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti, hata ukaweza kuota pasipo na rutuba.

Miti ilikua, lakini majani yake membamba kama sindano yaliendelea kuanguka na kurundikana pasi na kuoza, kwa kuwa yana ukali ambao wadudu wengi hawauwezi. Aliyeufungua mkwamo huo alikuwa jongoo. Majongoo wenye miguu myekundu walionekana wakiyala majani hayo. Wakaletwa kwa mamia, na mavi yao yakageuka kuwa udongo mweusi. Juu ya udongo huo ikaota miti mingine, ndege wakaja, mabwawa ya samaki yakatengenezwa, na wanyama wakaletwa. Mwaka 1984 njia za msitu zilifunguliwa kwa umma.

Leo watoto huenda kuwalisha twiga kwa mikono yao na kuwatazama viboko na makobe. Wengi wamesimuliwa habari za Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa na kufanya usuhuba na kobe mkongwe aliyeitwa Mzee.

Habari hii hufurahisha, nasi huisimulia kwa fahari kwamba hata ardhi iliyochunwa hadi mwambani yaweza kupona. Ni kweli; ila inafaa pia kuhesabu gharama yake. Kupona huko kulihitaji ujuzi, mali ya kampuni, na miaka 13 kabla ya lango kufunguliwa. Tena shimo lilikuwa la mwenyewe mmoja. Mitaa inayolizunguka, kama vile Kiembeni, Mtopanga na Kisauni, imo mikononi mwa maelfu ya watu. Ardhi ikishakatwa viwanja vidogo na kila kiwanja kikapata mwenyewe, hakuna Haller atakayevikusanya tena viwe bustani. Kwa hivyo kivuli cha mtaa huamuliwa siku ile mpima ardhi anapochora mistari yake.

Kisiwani tunayo mifano ya ardhi iliyosazwa. Mibuyu ya Mama Ngina ingali imesimama juu ya mlango wa Likoni, na uwanja wa Makadara upo katikati ya mji. Siku za Idi familia humiminika huko kwa sababu pana nafasi ya kumiminikia. Familia za bara ya kaskazini hukimbilia ufuo wa umma wa Bamburi. Ufuo ni neema, lakini haumfai mtoto wa Mtopanga jioni ya siku ya shule, ambaye kiwanja chake cha mpira ni barabara ya boda boda.

Sheria haikunyamaza. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na Ibara ya 69 yaitaka serikali ijitahidi kufikia miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yampa mwananchi nafasi ya kutoa maoni na pingamizi kabla ya mpango kuidhinishwa. Nafasi hiyo haina faida iwapo hakuna aitumiaye. Anayenunua kiwanja na aulize, kabla ya kutoa fedha: katika ramani hii, uwanja wa watoto uko wapi?

Tena wazee wetu walituachia njia ya wakfu. Kwayo walitenga misikiti, visima na makaburi, mali isiyouzwa wala kurithiwa. Mwenye ekari kadhaa anayekusudia kuzigawa aweza kuitenga robo ekari kwa njia hiyo hiyo, iwe kiwanja cha watoto chenye miti. Na misikiti yetu, ambayo kila siku humwaga maji ya udhu mara tano, yaweza kuyaelekeza kwenye mashina ya mikungu, mikwaju na miarobaini badala ya kuyaacha yapotelee mtaroni.

Miche si ghali, na mvua za masika ndizo wakati wake. Mkungu hukua upesi: mtoto aanzaye chuo mwaka huu aweza kuketi kivulini mwake na msahafu wake kabla hajamaliza shule ya msingi, mradi pawepo pahali pa kuupanda.